Saa ya seva inarudi nyuma kila umeme ukikatika

Mkuu wa Mafinga uliyeuliza kwa nini seva ya ofisi inarudi miaka nyuma kila umeme ukikatika na watu wanashindwa kulogin, hiyo ishu naijua, huku Mbeya nahudumia ofisi kadhaa mpaka Tunduma, na mvua zikianza tu umeme unacheza na simu zinaanza kuingia.

Kwanza angalia saa imepishana kiasi gani. Ikiwa ni masaa matatu kamili mara nyingi saa ni nzima, ni taimuzoni tu, weka Africa/Dar_es_Salaam kwa timedatectl (komandi ya Linux ya kuseti saa) yaishe. Ila ikirudi miaka hapo ni kile kibetri cha CR2032 kwenye mazabodi, kinachotunza saa umeme usipokuwepo, kimekufa na hakuna komandi ya kukitibu. Kuna seva niliifungua Uyole, vumbi limeganda hadi kibetri hakionekani, kupima na mita inasoma volti 2.1 wakati kinatakiwa kuwa na 3, na wenyewe walishainstoli Linux upya wakidhani ni kirusi!

Ukishabadilisha, kama saa bado inapotea taratibu huku seva imewaka, hapo sasa ni NTP, ule mfumo wa kusawazisha saa kupitia mtandao. Piga chronyc sources (komandi ya chrony, programu inayofanya kazi hiyo ya NTP) na usiguse kitu, soma tu safu ya Reach. Ikiwa 377 maana yake mara nane za mwisho zote majibu yamerudi (hesabu yake ni ya tarakimu nane, 0 mpaka 7, usishangae), ikiwa 0 hakuna kinachorudi, na mara nyingi ni ruta au fayawoli imebana UDP poti 123 ambayo NTP inapitia. Ping kujibu isikudanganye, yenyewe haipiti kwenye poti hiyo.

Halafu kuna watu kila asubuhi wanaseti saa kwa mkono na date -s, hiyo sipendi kabisa hasa kama kuna databesi inapokea risiti, muda unaruka na risiti ya mchana inaonekana imetoka kabla ya ya asubuhi. Simamisha databesi kwanza, piga chronyc makestep mara moja saa iruke ikae sawa, kisha hwclock --systohc iandike muda huo kwenye saa ya mazabodi, baada ya hapo iache chrony yenyewe iivute saa polepole.

Hao wa kulogin, kama mashine ziko kwenye domeni ya Windows basi ni Kerberos, mfumo wa domeni wa kuhakiki anayelogin, kwa kawaida haivumilii kupishana zaidi ya dakika 5. Saa ikikaa sawa wataingia bila kubadilisha paswedi ya mtu.

Kama seva ni ya virtual (inakimbia ndani ya mashine nyingine, yaani hosti) sema mapema, maana hosti nayo huwa inaisetia saa na wanaanza kugombana na chrony. Tupia hapa hiyo chronyc sources tuione.