Swali la Lugha: Si kila mwako wa jua ni dhoruba

Msomaji wa Morogoro anauliza kama ni sahihi kusema «utabiri wa hali ya hewa ya anga za juu», yaani utabiri wa yale jua linayoturushia, ilhali huko juu hakuna hewa. Mimi napendelea «hali ya anga za juu». Tusiseme «hali ya anga» pekee, kwa sababu wenzetu wa Kenya hulitumia jina hilo kwa mvua na upepo wa kila siku. Anayeongeza «hewa» simgombezi, maana maneno hayo yamekwisha kushikamana yakawa jina moja.

Ninayemgombeza ni mwandishi anayetangaza «dhoruba ya jua» kila jua linapotoa chochote. Dhoruba, ambayo wengine huitamka dharuba, imetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya pigo, na pigo halikamiliki bila anayepigwa. Jua likiwaka ghafla, huo ni mwako, na mwanga wake hutufikia kwa dakika 8 hivi. Likitema wingu la gesi yenye chaji za umeme, wingu hilo husafiri kwa saa 15 hivi likiwa la kasi mno, au kwa siku kadhaa, na huenda lisielekee kwetu kabisa. Ni pale tu linapoutikisa uga wa sumaku wa dunia ndipo dhoruba inapokuwapo. Watabiri wa kituo cha Marekani kilichoko Boulder, Colorado, hupima mambo haya kwa vipimo tofauti: R kwa kukatika kwa redio, S kwa mnururisho, G kwa dhoruba ya sumaku.

Tutazame Mei 2024. Tarehe 10 mawingu kadhaa yaliyofuatana, yaliyotoka kwenye kundi moja la madoa meusi ya jua, yalitufikia, na dhoruba ikapanda hadi G5, daraja la juu kabisa, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba 2003. Aliyeandika «dhoruba» siku hiyo aliandika kweli. Tarehe 14 kundi lilelile la madoa, likiwa limekwisha kuzungukia ukingoni mwa jua, lilitoa mwako wa X8.7 (X ndiyo daraja la juu kabisa la miako), mkubwa kuliko yote iliyokuwa imepimwa katika mzunguko wa jua ulioanza Desemba 2019. Mwako huo ulivuruga redio za masafa ya juu upande wa dunia uliokuwa mchana. Afrika Mashariki ilikuwa yapata saa 2 kasorobo usiku, nasi tulikuwa tumelipa jua kisogo. Kumwambia msomaji wa Tanga kwamba usiku ule alipigwa na dhoruba ya jua ni kumtia hofu kwa jambo ambalo halikumfikia, na kesho onyo la kweli likitolewa hataliamini.

Hata watabiri wenyewe hujizuia. Vyombo vilivyowekwa angani kilomita milioni 1.5 hivi kutoka duniani upande wa jua ndivyo hupima sumaku ya wingu linapovipita, na onyo lake hututangulia kwa dakika 15 hadi 60 tu. Sumaku hiyo ikielekea kusini, dhoruba huwa kali. Ikielekea kaskazini, wingu kubwa laweza kupita bila kishindo. Kabla ya hapo wanatoa tahadhari, na «tahadhari ya dhoruba» ni Kiswahili safi ambacho mhariri yeyote anaweza kukiweka kwenye kichwa cha habari bila kupoteza nafasi.

Wapo wanaouita mwako «mlipuko wa jua». Hao nawavumilia, ingawa jua lenyewe halijalipuka.