Vyuma vya nyumbani kwa watu wafupi: maswali yenu

Wiki hii nimeyaweka pamoja maswali ya watu wa futi tano kushuka chini. Wengi wenu mnafanya tizi uani au chumbani, kwa vifaa vilivyochongwa na fundi aliyejipima yeye mwenyewe, na fundi huyo mara nyingi ni mrefu. Majina nimeyaacha.

Nina futi 4 na inchi 11. Benchi langu la mbao ni refu, nikilala kusukuma chuma visigino havifiki chini. Nizoee tu? (Mbagala)

Usizoee. Anayesukuma chuma akiwa amelala anasukuma na miguu pia. Ikining'inia, kiuno kinapinda na mwili unayumba chuma kikienda upande mmoja. Kwenye mashindano ya Shirikisho la Kimataifa la Powerlifting (mchezo wa kuchuchumaa na chuma, kukisukuma ukiwa umelala na kukiinua kutoka sakafuni), benchi lina urefu wa sentimita 42 hadi 45 kutoka sakafuni, na mshindani mfupi anaruhusiwa kuweka vibao chini ya nyayo, mradi visizidi sentimita 30. Kama mabingwa wa dunia wanakanyaga vibao mbele ya waamuzi, wewe unamwonea nani haya huko uani?

Vaa viatu vya mazoezi, kaa kitini, mtu akupimie kutoka sakafuni hadi chini ya goti. Hicho ndicho kimo cha benchi lako, na mto ukiwepo uhesabiwe humo. Kama benchi ni lako peke yako, fundi akate miguu. Kama mnalitumia na kaka mrefu, liache, wewe tafuta vibao viwili vipana vya mbao, uvipigilie kipande cha tairi chini visiteleze. Matofali hapana, hasa ya kuchoma. Hupasuka bila kuaga.

Halafu tazama vikombe vinavyoshika chuma. Ukilala na kukikamata, viwiko viwe vimekunjwa kidogo. Ikibidi kunyoosha mikono hadi mabega yanyanyuke kwenye benchi, vikombe viko juu mno kwako, na vishushwe.

Stendi yangu ya kuchuchumaa ilichomelewa kwa kimo cha mume wangu. Nakitoa chuma kwa kusimama kwenye vidole vya miguu. Kukirudisha ndiyo kazi kweli. (Morogoro)

Dada, hili ndilo swali lililonitia wasiwasi kuliko yote. Kukitoa unakuwa bado una nguvu. Kukirudisha unakuwa umechoka, mzigo uko mgongoni, umesimama kwa vidole, na huoni kama kikombe cha kushoto kimepokea. Acha kutumia stendi hiyo na mzigo mzito mpaka irekebishwe.

Simama ukutani na viatu vyako, chora alama usawa wa kwapa. Vikombe vikae chini kidogo ya alama hiyo, usawa wa katikati ya kifua. Kipimo ni hiki: uingie chini ya chuma ukiwa umekunja magoti, usimame wima, na chuma kiinuke vidole vinne hivi juu ya midomo ya vikombe kabla hujarudi nyuma. Kwa stendi ya bomba la pembe nne, mpelekee fundi achomelee jozi ya pili ya vikombe chini ya ile ya zamani. Mume wako anabaki na vyake, nawe unapata vyako. Ya pili isichomoze mbele kuliko ya juu, la sivyo yeye ndiye atakayekuja kuniandikia.

Kama ni milingoti miwili iliyosimikwa kwenye ndoo za zege, isipunguzwe chini. Ikatwe juu, kisha panda za kupokelea chuma zichomelewe upya.

Kuna wanaosimama juu ya kibao ili wafikie. Kinafaa, lakini kiwe jukwaa na siyo stuli: fremu ya mbao 2 kwa 4, juu yake plaiwudi ya milimita 18, upana na urefu wa kukuwezesha kupiga hatua mbili nyuma na kuchuchumaa bila kutafuta ukingo kwa kisigino. Zaidi ya mita moja kila upande. Jukwaa lina faida nyingine. Stendi nyingi zenye mikono ya usalama (vyuma vya pembeni vya kudaka mzigo ukikushinda), tundu lao la chini kabisa bado liko juu kwa mtu mfupi, kwa hiyo chuma kinagonga mikono hiyo kabla hujafika chini. Ukisimama juu ya jukwaa umeyatatua yote mawili, na mikono ya usalama inabaki pale inapopaswa kuwa, chini kidogo ya mahali chuma kinapofika ukiwa umechuchumaa hadi mwisho.

Viganja vyangu ni vidogo na chumba ni kidogo. Ninunue chuma kifupi cha mita moja na nusu? (Kisauni, Mombasa)

Ufupi wa chuma na wembamba wake ni mambo mawili tofauti. Chuma cha mashindano ya Olimpiki cha wanaume kina mita 2.2, kilo 20 na unene wa milimita 28. Cha wanawake kina mita 2.01, kilo 15 na milimita 25. Sehemu ya katikati, kati ya mahali sahani (yale magurudumu ya uzito) zinapoanzia, ni ileile kwa vyote viwili: mita 1.31. Ndiyo maana cha wanawake kinakaa kwenye stendi ya kawaida bila shida. Kile cha mita moja na nusu, sehemu hiyo mara nyingi ni fupi. Unafika nyumbani unakuta hakivuki vikombe. Beba futi dukani, upime katikati, usipime ncha kwa ncha.

Kwa kiganja kidogo, milimita 25 ni raha hata kwa mwanaume, na hakuna sheria inayokukataza kwako. Wanaotengeneza wenyewe wajihadhari na bomba la maji la "inchi moja". Hiyo inchi ni ya tundu la ndani kwa makadirio. Nje linafika milimita 33 au 34, na mtu wa vidole vifupi atachoka kushika kabla mgongo haujatoka jasho. La robo tatu ni milimita 27 hivi kwa nje, linashikika vizuri, ila linapinda mapema, kwa hiyo ni la mizigo midogo. Mimi napenda nondo ya milimita 25: haina tundu, na kila mita ina uzito wa kilo 3.85. Meno yake yanakwaruza, basi zungushia mpira wa tyubu ya baiskeli mahali inapokaa mgongoni.

Sahani zangu ni makopo ya rangi ya lita 4 niliyojaza zege. Kuinua kutoka sakafuni kunanimaliza kiuno, nami ni mfupi, si ningetakiwa kuona rahisi? (Tabora)

Ungeona rahisi kama ungetumia sahani kubwa. Zile za mashindano zina kipenyo cha sentimita 45, kwa hiyo chuma kinakaa sentimita 22.5 juu ya sakafu, kwa mfupi na kwa mrefu. Hapo ufupi ni neema. Kopo lako lina kipenyo cha sentimita 17 hivi, maana yake chuma kiko sentimita 8 au 9 tu kutoka chini. Unainama kuliko bingwa yeyote.

Weka makopo juu ya mbao mbili za inchi 2 zilizopangwa kila upande. Zinaongeza sentimita 10, unafika karibu 19. Kwa mtu wa sentimita 150 huo ni mwinamo uleule anaoupata mtu wa sentimita 175 kwa sahani rasmi. Pigilia kijiti ukingoni makopo yasibingirike.

Uzito usiukisie pia. Lita moja ya zege ina kama kilo 2.4, hivyo kila kopo ni kilo tisa na nusu kabla hujahesabu nondo.

Nina miaka 61, daktari amesema nifanye mazoezi ya nguvu. Mwanangu ananiambia nikae na kuinuka kwenye kochi nikishika chupa za maji. Kochi letu ni refu, miguu inaelea. (Moshi)

Shikamoo mama. Mwanao amesema vyema, isipokuwa kochi. Tafuta kiti kigumu kisicho na magurudumu, ukikiegemeza ukutani, ambacho nyayo zote zinakaa chini na mapaja yanalala sawa. Kama viti vyote vya nyumbani ni virefu, weka kibao kipana chini ya miguu, kikubwa cha kutosha kusimamia miguu yote miwili, kisichotikisika. Anza bila kushika kitu. Chupa ya lita moja na nusu ikijaa ni kilo moja na nusu, kwa hiyo mbili ni kilo tatu. Zifike baadaye, mwili ukishazoea. Na ukiona kizunguzungu, kaa, umwambie daktari huyo.

Ni kweli vyuma ndivyo vilivyonidumaza? (Nakuru)

Hapana. Madaktari wa watoto wanakubali kuwa mazoezi ya uzito yaliyosimamiwa vizuri hayazuii kukua. Unawaona wafupi wengi kwenye mchezo huu kwa sababu unawafaa: chuma kinasafiri umbali mdogo. Naim Süleymanoğlu wa Uturuki, mwenye sentimita 147, alisukuma kilo 190 juu ya kichwa huko Seoul mwaka 1988 akiwa kwenye uzito wa kilo 60. Precious McKenzie, mzaliwa wa Durban ambaye ubaguzi wa rangi ulimnyima nafasi kwao, hakufika hata mita moja na nusu. Alishinda dhahabu za Jumuiya ya Madola 1966, 1970 na 1974 kwa Uingereza, kisha 1978 kwa New Zealand.

Bomba la kujivuta liko juu, naruka kulidaka. (Zanzibar)

Usiruke, bega halipendi. Weka stuli nzito pembeni, panda, shika, jivute, kisha shuka kwa kuikanyaga.