Kuchagua kiowevu cha mtambo mdogo wa umeme wa joto la chini: anza na upande wa baridi

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii huuliza kwanza kiowevu kipi, yaani kimiminika kinachochemshwa na maji ya moto ili mvuke wake uzungushe injini kisha kipozwe na kurudi, kina ufanisi mkubwa. Liacheni swali hilo kando. Ukiwa na maji ya nyuzi 90 na upande wa baridi wa nyuzi 30, kikomo cha Carnot, yaani ufanisi ambao hakuna injini ya joto inayoweza kuuvuka, ni asilimia 16 na kitu, na mtambo mdogo ukitoa asilimia 6 au 7, shukuru. Mambo huamuliwa na presha.

Fungua jedwali la kiowevu, soma kwanza upande wa baridi. Dar es Salaam, kondensa (sehemu inayogeuza mvuke kuwa kimiminika tena) inayopozwa kwa hewa itakaa kwenye nyuzi 40 hivi. Hapo R134a, gesi ya majokofu, ina bar 10 (kama mara kumi ya presha ya hewa), na ukiipasha hadi 80 inafika bar 26: mabomba mazito, na pampu inayokula umeme wako mwenyewe. R245fa, gesi nyingine ya jamii hiyo, ni bar 2.5 kwenye nyuzi 40 na bar 8 kwenye 80. Pentani, kimiminika cha jamii ya petroli, haizidi bar 4 hata kwenye nyuzi 80, inavutia, lakini kondensa ikishuka nyuzi 30 presha yake inakuwa chini ya ile ya hewa, na kila kiungo kilicholegea kinaanza kunyonya hewa ndani. Isitoshe inawaka. Olkaria III, mtambo wa jotoardhi kule Kenya, wanaitumia, sawa, ila ule ni mtambo mkubwa wenye wataalamu. Kwenye banda la nyuma ya nyumba usithubutu.

Chena, Alaska, wamefua umeme kwa R134a tangu 2006 na maji ya nyuzi 74 tu. Imewezekana kwa sababu maji yao ya kupozea ni baridi mno. Ukiwaiga ukiwa Tanga, umeiga nusu.

Halafu o-ringi, zile pete za mpira zinazoziba viungo, jambo ambalo vitabu hulipita haraka. Mpira wa aina ya Vitoni hufura kwenye R245fa. Ule wa aina ya EPDM huharibika kwenye pentani. Kwa hiyo kubadili kiowevu ni kufungua mtambo mzima, hadi mpira wa vali ndogo kabisa.

R245fa imezoeleka sana, na mvuke wake hautoi matone unapopanuka, hivyo kompresa ya skroli (ile yenye vipande viwili vya mzunguko wa konokono) iliyogeuzwa kuwa injini huistahimili vizuri. Lakini huchangia joto la dunia karibu mara elfu ya kaboni dioksidi, na makubaliano ya Kigali ya 2016, ya kupunguza gesi za aina hii, yanaibana. Mtambo mpya mimi ningeuchora kwa kiowevu kipya zaidi, R1233zd(E): haiwaki, presha zake ziko jirani na za R245fa. Ila kabla ya kuchora, mpigie muuza gesi umuulize bei ya mtungi, na kama anao kweli.