Moduli ya PHP haibebwi kwenye flashi

SWALI: Habari za kazi, mwalimu. Mimi ni mhasibu wa SACCO moja hapa Mbale, na kwa kuwa ndiye pekee niliyesoma kompyuta kidogo, seva nayo imeangukia mikononi mwangu. Mfumo wetu wa akiba na mikopo uliandikwa kwa lugha ya PHP miaka mingi iliyopita na kijana ambaye sasa yuko Dubai na simu hapokei. Mwezi uliopita diski ya seva ilikufa. Nikaweka Ubuntu 22.04, nikarudisha nakala ya data, lakini mfumo unagoma ukisema haujui mcrypt_decrypt, ile kazi ya kufungua data iliyosimbwa. Rafiki yangu akaninakilia faili la mcrypt.so kwenye flashi kutoka seva ya kazini kwake. Nimeliweka kwenye folda ya moduli, PHP inalikataa: inasema limekompailiwa kwa API=20190902 ilhali PHP yenyewe ni API=20210902, na ni lazima zilingane. Fundi mmoja mjini anataka shilingi 150,000 aibadilishe hiyo namba ndani ya faili ili zilingane. Nimpe? Wanachama wanasubiri mikopo yao.

JIBU: Usimpe hata mia. Na hilo faili litoe kwenye seva leo, kabla ya chai ya saa nne.

Swali hili nalipata kila wiki, likiwa limevaa nguo tofauti. Juzi lilikuwa la redis.so, kabla yake imagick, na kabla yake mwanafunzi wa chuo aliyepakua faili la dll kutoka tovuti iliyojaa matangazo ya kamari. Ndani yake mna dhana ileile: kwamba moduli, yaani kipande cha ziada kinachochomekwa ndani ya PHP, ni kama wimbo, ukishaunakili utaimba kwenye redio yoyote. Najua tulikoitoa. Bando ni ghali, na tangu Julai 2021 data inatozwa ushuru wa asilimia 12 juu yake, basi tumezoea kupeana kila kitu kwa flashi, kuanzia filamu hadi Windows. Faili la .php linabebeka hivyo bila shida. Ni maandishi, na mkalimani wa upande wa pili, yaani PHP iliyoko kwenye mashine ile, atayasoma mwenyewe.

Faili la .so si maandishi. Mtu aliandika msimbo wa C, kompaila, yaani programu inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, ikausoma pamoja na vipimo vya PHP iliyokuwapo siku hiyo kwenye mashine hiyo: kitu fulani kina baiti ngapi, sehemu yake ya tatu inaanzia wapi, kazi fulani inapokea nini mkononi. Vipimo hivyo vikagandishwa humo humo. Ni ufunguo uliochongwa kwa kitasa cha jirani.

Sasa tazama hizo namba zako mbili, maana fundi wako anazitaja bila kuzisoma. Ni tarehe. 20190902 ni tarehe 2 Septemba 2019, nayo ni PHP 7.4. 20210902 ni tarehe 2 Septemba 2021, ndiyo PHP 8.1 inayokuja na Ubuntu 22.04. Kwa macho zinatofautiana kidogo tu, 19 na 21, na nadhani ndiyo maana mtu anaona ni jambo la kurekebisha kwa kalamu. Lakini katikati yake limepita toleo la 8.0, lenye 20200930, na humo kuta nyingi za ndani zilivunjwa zikajengwa upya. Nikupe moja. Hadi 7.4, kazi za ndani zinazohudumia vile wanavyoviita “object” zilikuwa zikipokea anwani ya kisanduku ambacho ndani yake mna hicho kitu. Kuanzia 8.0 zinapokea anwani ya kitu chenyewe. Moduli ya zamani ikikabidhiwa anwani hiyo itaamini ni kisanduku, itaingiza mkono mahali ilipozoea, na itatoka na baiti za jambo jingine kabisa.

PHP inajua hatari hiyo, ndiyo sababu inasoma namba mlangoni kabla ya kumruhusu mgeni kuingia. Ndani ya faili, namba hiyo haifanyi kazi nyingine yoyote. Kuibadilisha ni kuandika jina la nyumba yako juu ya ule ufunguo wa jirani: meno yake yamebaki yaleyale. Ukiwa na bahati, PHP itaanguka palepale na utaona “segmentation fault” kwenye logi. Bila bahati haitaanguka. Itaandika mahali pasipo pake kwenye kumbukumbu, kimyakimya, na wewe utakuja kuliona mwisho wa mwezi pale akiba ya mwanachama itakapokataa kuoana na leja. Hapo utamlipa nani 150,000?

Kukompaili yenyewe ni kazi ndogo. Unasakinisha php8.1-dev, libmcrypt-dev na build-essential kwa apt, unapakua msimbo wa mcrypt kutoka PECL, hazina ya moduli za ziada za PHP, unaingia kwenye folda yake, kisha phpize, ./configure, make, na mwisho sudo make install. Unaandika faili la mcrypt.ini kwenye /etc/php/8.1/mods-available lenye mstari mmoja, extension=mcrypt.so, unatoa amri ya phpenmod mcrypt, unawasha upya Apache, programu inayohudumia kurasa za mfumo. Ikiwa mashine ina PHP mbili, tumia phpize8.1 na umwelekeze configure kwenye php-config8.1, la sivyo utakompaili kwa vipimo vya ile nyingine na kurudi palepale ulipo. Na usidanganywe na orodha ya moduli inayotolewa na php -m kwenye terminali: PHP ya terminali na PHP ya Apache zina folda tofauti za mipangilio, moja inaweza kuiona moduli na nyingine isiione.

Lakini ngoja kwanza. Sina hakika kama unahitaji kukompaili chochote.

Hiyo mcrypt ni mzee aliyestaafu. Maktaba ambayo mcrypt inaitegemea, libmcrypt, ilitoa toleo lake la mwisho mwaka 2007. PHP 7.1 ilianza kuwaonya watu mwaka 2016, na 7.2, Novemba 2017, ikaitoa nje kabisa na kuipeleka PECL. Toleo hilohilo la 7.2 ndilo lililoingiza Sodium, maktaba mpya ya usimbaji, ndani ya PHP ichukue nafasi. Kijana wa Dubai alikuwa na muda wa kutosha kuhama.

Fungua msimbo wake utafute neno linaloanza na MCRYPT_RIJNDAEL. Likiwa MCRYPT_RIJNDAEL_128, shukuru Mungu: hiyo ni AES ya kawaida, mtindo wa kusimba unaotumika kila mahali, na openssl_decrypt ya PHP inaifungua. Ufunguo wa baiti 16 unakwenda na aes-128, wa baiti 32 unakwenda na aes-256. Kama msimbo unataja MCRYPT_MODE_CBC basi ni cbc. Weka OPENSSL_RAW_DATA pamoja na OPENSSL_ZERO_PADDING, kwa sababu mcrypt ilikuwa ikijaza nafasi tupu za mwisho kwa baiti za sifuri, na openssl isipoambiwa hivyo itatafuta mtindo mwingine wa kujaza, ikukatalie. Ukishasimbua, ondoa hizo sifuri kwa rtrim. Jaribu kwa mwanachama mmoja ambaye jina lake na namba yake ya simu unavijua kwa kichwa.

Likiwa MCRYPT_RIJNDAEL_256, hapo wengi huumia. Wanadhani 256 ni AES-256, wanahangaika usiku kucha na openssl, wanatoka na takataka. Hiyo 256 ni ukubwa wa bloku, si wa ufunguo, na AES ina bloku ya biti 128 tu, daima. openssl haitaifungua milele. Tumia phpseclib, maktaba ya usimbaji: ina darasa la Rijndael, unaiambia bloku ni 256 na inafungua. Na kwa kuwa imeandikwa kwa PHP tupu, hakuna cha kukompaili. Hiyo ndiyo unayoweza kuibeba kwenye flashi ukitaka, mradi umeitoa kwa wenyewe kupitia Composer, chombo cha kupakulia maktaba za PHP.

Njia yoyote kati ya hizo, nakili hifadhidata kwanza, simbua data yote mara moja, uisimbe upya kwa Sodium, halafu mcrypt isirudi tena.

Nirudi kwa hao mafundi, maana sijamaliza nao. Wewe PHP ilikukatalia, na hiyo ni heri. Ninaowahofia ni wale ambao faili la flashi lilikubali. Moduli ya .so inaingia ndani ya PHP na kuwa sehemu yake: inasoma nenosiri la hifadhidata, inaona kila fomu inayotumwa, inaweza kupiga simu nje bila kukuaga. Huwezi kuifungua kwa kihariri ukaona imeandikwa nini. Mwaka juzi niliitwa na chama kimoja cha magharibi kuchunguza kwa nini seva yao inakula bando usiku wakati ofisi imefungwa. Kwenye folda ya moduli nikakuta moja isiyo na mwenyewe. Nikaipitisha kwenye amri ya strings, inayochomoa maneno yanayosomeka ndani ya faili, na katikati ya maneno ya kawaida ya PHP pakatokea anwani ya tovuti ambayo hakuna ofisini aliyewahi kuisikia. Nani aliiweka? Wakatajana watatu, kila mmoja akimnyooshea mwingine kidole. Nikaitoa, mfumo ukaendelea kufanya kazi vilevile, bando likatulia.

Mtu ataniambia hata PECL ni watu tu, na watu huingiliwa. Ni kweli. Tarehe 28 Machi 2021 mtu aliingia kwenye hazina ya msimbo wa PHP yenyewe akapachika mlango wa nyuma, tena akasaini kwa jina la Rasmus Lerdorf, aliyeianzisha lugha hiyo. Mlango ulikuwa ukifunguliwa na kichwa cha HTTP kilichoandikwa User-Agentt, kwa t mbili. Haukufika kwenye toleo lolote, kwa sababu msimbo ule unasomwa na macho mengi na wenzake waliuona ndani ya saa chache. Sasa niambie, faili la flashi la rafiki yako limesomwa na nani? Rafiki mwenyewe hajui lilikotoka, alilikuta kazini. Na data iliyomo kwenye seva yako ni majina, simu na madeni ya watu. Tangu 2019 tuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha hapa Uganda, nayo inamtaka anayeshika data hizo azilinde. Mbele yake jibu la “nilipewa na fundi” halitakusaidia.

Kuna wengine wanaokuja na mstari mmoja wa curl unaopakua skripti na kuikabidhi kwa sudo bash, yaani kuiendesha kwa mamlaka yote ya seva, bila mtu kuisoma. Na yule ambaye kila kosa kwake dawa ni chmod 777, yaani kumruhusu kila mtu kusoma na kubadilisha faili. Hao ni ndugu wa yule wa namba. Kazi inaisha kwa dakika tano, analipwa, anapanda boda, na wewe unabaki na seva.

Ukishamaliza data, fanya hili kabla ya kulala. Andika dpkg -S /usr/lib/php/20210902/*.so. Kila moduli iliyoletwa na apt itatokea na jina la kifurushi chake. Isiyo na kifurushi utaambiwa haikupatikana, na hiyo ndiyo ya kuuliza maswali. Kama utakuwa umekompaili mcrypt mwenyewe, nayo itatokea kwenye kundi hilo la yatima, kwa hiyo iandike kwenye daftari la seva: tarehe, toleo, ulikoipakua, na siku uliyoiondoa.