Magadi yana kaboni, mbona si oganiki?

Mdogo wangu, swali zuri sana. Kuwa na kaboni peke yake hakutoshi. Kwenye kampaundi nyingi za oganiki, kaboni imeshikana na haidrojeni: sukari ya kiwanda cha TPC hapa Moshi, mafuta ya alizeti, gesi ya kupikia. Magadi ya Ziwa Natron kwa sehemu kubwa ni kabonati za sodiamu; kaboni yake imeshikana na oksijeni tu. Pasha sukari kwenye kijiko: inayeyuka, inageuka kahawia, mwisho makaa meusi. Magadi hayatoi makaa.

Yurea ndiyo huwachanganya wengi. Haina kaboni iliyoshikana na haidrojeni moja kwa moja, na mkulima huiita mbolea ya viwandani, lakini kikemia ni oganiki. Mkemia Mjerumani Friedrich Wöhler aliitengeneza maabara mwaka 1828.