Maswali na majibu: Inverta ya wati 5,000 haizalishi umeme

Swali: Mhandisi, shikamoo. Ninafuga kuku hapa Kibosho, na umeme ukikatika kwa muda mrefu mayai huharibika kwenye inkubeta. Inkubeta inatumia wastani wa wati 250 usiku na mchana, na kwa saa 12 za usiku ninawawashia vifaranga balbu nne za wati 100. Fundi amenishauri ninunue paneli mbili za wati 400, betri moja ya N200 na inverta ya wati 5,000, kisha niuze jenereta yangu ya dizeli na kuachana na LUKU, kwa kuwa jua halina bili na haliishi. Je, nifuate ushauri huo?

Jibu: Marahaba. Jenereta usiiuze, na LUKU usiiache.

Kosa la fundi wako ninalikuta karibu kila ninakoitwa, kuanzia Himo hadi Usa River: mteja anaoneshwa kibandiko cha inverta chenye tarakimu kubwa, naye anaamini amenunua mtambo wa kufua umeme. Inverta haifui umeme wowote. Kazi yake ni kuugeuza umeme wa betri uwe wa kutumika nyumbani, na ukubwa wake ni kama upana wa bomba, ambao hauongezi maji kisimani. Tena hiyo ya wati 5,000 ikibebeshwa mzigo wake wote itadai zaidi ya ampea 400 kutoka kwenye betri yako ya volti 12, na hata ikiwa haina mzigo inaweza kula wati 50, ambazo kwa siku nzima ni uniti 1.2 zilizopotea bure (uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja).

Tuhesabu uniti basi, maana ndizo unazolipia na ndizo zinazoatamia mayai. Inkubeta inahitaji uniti 6 kwa siku na balbu karibu 5, jumla 11. Paneli zako za wati 800, kwa jua kali linalolingana na saa 5 hivi kwa siku, zingetoa uniti 4, na ukiondoa joto, vumbi, nyaya na upotevu wa betri utabaki na 3. Mwezi wa Julai, mawingu yanapotanda kwenye miteremko ya Kibosho tangu asubuhi, hata hizo hutazipata. Betri ya N200 inahifadhi uniti 2.4, lakini ikiwa ni ya risasi haifai kunyonywa zaidi ya nusu, kwa hiyo inkubeta na balbu vikiwaka pamoja haitafikisha saa mbili.

Kwa hali yako, ningebaki na umeme wa gridi, nikafunga inverta ya wati 1,000 na betri ya lithiamu ya uniti 2.5 kwa ajili ya inkubeta peke yake, ambayo itaihimili kwa takribani saa 8, huku betri ikichajiwa na paneli hizo mbili pamoja na gridi. Umeme unapokatika, vifaranga wapewe joto kwa jiko la mkaa kwenye banda lenye hewa ya kutosha, kwa sababu kutafuta joto kwenye betri ni kuimaliza. Jenereta ibaki nje ya banda kwa ajili ya makatizo marefu. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takribani uniti 10, na jenereta ndogo yenye mzigo wa kutosha itakupa 3 hivi. Ukiiwasha kwa ajili ya inkubeta tu utapata pungufu ya hapo, na masizi yatajaa kwenye ekzosi.

Fundi wako anasema jua haliishi, na hapo ndipo watu wengi wanapochanganya mambo. Kusema kwamba chanzo ni jadidifu ni kusema hakiishi. Si kusema kwamba kipo saa unayokihitaji. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, kwa jirani zetu Kenya, ni jadidifu na hufua umeme usiku kucha, ilhali jua ni jadidifu na jioni huzama. Bwawa la Nyumba ya Mungu, lenye mitambo ya megawati 8, hutegemea maji ya mito Kikuletwa na Ruvu. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, lakini hizo megawati 2,115 ni uwezo wa mitambo, si ahadi ya kila saa ya mwaka. Gesi asilia inayochomwa Kinyerezi itakwisha siku moja na inachafua hewa, ila huwashwa saa inapotakiwa, na ndiyo maana nchi haikuitupa baada ya kujenga bwawa.

Kwa hiyo fundi yeyote anayekuuzia wati bila kukuandikia uniti za siku ya Julai, mrudishe akahesabu. Na yule anayezunguka na mashine ambayo mota inazungusha jenereta, na jenereta inailisha mota hiyo hiyo bila mafuta wala jua, usimpe hata malipo ya awali: kila mzunguko hupoteza sehemu ya nishati kwa joto na msuguano, na ikiwa mashine yake inaendelea kuzunguka, kuna betri iliyofichwa ndani. Mwambie afungue kasha, aunganishe inkubeta yako, na aiache iwake hadi asubuhi ukiwa umekaa hapo.