Barua kwa mwanangu: chakula cha hisani na mkungu usioandikwa

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Barua yako ilitufikia Jumatano, mama yako akiwa anamenya ndizi za kiburu, kile chakula chetu cha ndizi na maharage, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imejaa utomvu aliniomba nimsomee kwa sauti. Nilipofika kwenye swali lako aliacha kumenya. Umeeleza kwamba kamati ya ujenzi ya usharika wenu huko Dodoma imekuteua kuwa mtunza hazina wa harambee, na kwamba wamekusudia kuandaa chakula cha jioni cha hisani hotelini, meza ya watu kumi kwa shilingi milioni moja, sehemu ya fedha iende kwenye paa la kanisa na sehemu kwa wajane na yatima wa mtaa. Kisha ukauliza: "Baba, ni halali kweli tukae tukila pilau na kuku kwa jina la watu wenye njaa, na mimi niwe ndiye ninayeshika fedha hizo?" Mama yako alisema nisikujibu kwa pupa, nami nimekaa na swali hilo siku nne.

Ninakushauri uipokee kazi hiyo. Lakini kinachonisumbua mimi si kile kinachokusumbua wewe, na ndiyo maana barua hii itakuwa ndefu.

Katika miaka 31 ya uchungaji sijui nimesoma Malaki 3:10 mara ngapi kabla ya kikapu cha sadaka kupita. Andiko hilo tumelifanya kuwa la harambee, na sote, mimi nikiwa wa kwanza, hukimbilia madirisha ya mbinguni na baraka inayomwagwa, tukiyaruka maneno machache yaliyotangulia: "ili kiwemo chakula katika nyumba yangu." Zaka ya wakati ule ilikuwa nafaka, divai na mafuta, na ghala lililotajwa pale lilikuwa ghala la kweli, lenye harufu ya nafaka. Ukisoma Nehemia sura ya 13 utaona kwamba Walawi walilitoroka hekalu wakarudi mashambani kwa sababu posho yao haikutolewa, naye Nehemia aliwarudisha, kisha akawaweka juu ya hazina watu waliohesabiwa kuwa waaminifu, kazi yao ikiwa ni kuwagawia ndugu zao. Hiyo ndiyo kazi uliyoitiwa. Na Kumbukumbu la Torati sura ya 14 inakwenda mbali zaidi, kwa maana inamwamuru mtu aichukue zaka yake, aile yeye na nyumba yake mbele za Bwana kwa furaha, na kila mwaka wa tatu aiache ndani ya malango ya mji wake, ili Mlawi, mgeni, yatima na mjane waje wale washibe.

Kwa hiyo usiione haya pilau. Watu wa Mungu kula pamoja hakujawahi kuwa dhambi, na paa la kanisa halipungukiwi utakatifu kwa kuwa limeezekwa kwa fedha iliyopatikana watu wakicheka na kutafuna. Paulo alipowakemea Wakorintho hakuwakemea kwa kula, bali kwa kuwa kila mmoja alitangulia kutwaa chakula chake mwenyewe, huyu akabaki na njaa na huyu akalewa, na wasio na kitu wakatahayarishwa. Neno hilo la kutahayarishwa ndilo ninalotaka ulishike, kwa sababu ndilo lililonipata mimi.

Unaukumbuka mnada wetu wa sikukuu ya mavuno. Ukiwa mtoto ulikuwa ukikaa juu ya ukuta wa nje ili umwone dalali vizuri, maana ibada ikiisha palikuwa pakichangamka kuliko sokoni. Mikungu ya ndizi inapangwa chini ya mti, kuku wamefungwa miguu, mayai yamo kwenye vikapu, maziwa katika madumu, na kuna kibuyu cha mbege, pombe yetu ya ndizi, kilichofichwa nyuma ambacho mwinjilisti anajifanya hakioni. Mimi naupenda mnada, na sitaki ujifunze kuudharau huko mjini. Una busara yake: mwenye shamba na asiye na fedha anatoa alichonacho, mwenye fedha na asiye na shamba anakinunua kwa bei ambayo hakuna soko lingeitoa, kisha mara nyingi anakirudisha kiuzwe tena. Yai moja linaweza kuzunguka mara tano na kujenga nusu ya ukuta, na mwishowe likaliwa na mtoto wa mlinzi.

Sasa nikueleze jambo ambalo sikuwahi kukuambia, kwa sababu wakati lilipotokea ulikuwa shule ya bweni, na baadaye niliona aibu.

Alifariki mzee mmoja wa mtaa wa juu, katikati ya masika. Mzee wa kanisa aliniletea kitabu cha bahasha, kinachoandikwa ahadi za sadaka za kila msharika na alicholipa, kama utaratibu wetu wa wakati ule ulivyotaka, na ukurasa wa marehemu ulikuwa na namba yake juu na chini yake weupe mtupu wa miaka mitatu. Tulikuwa tumepitisha katika baraza kwamba asiyelipa ahadi hatazikwa na mchungaji mpaka familia imalize deni, na mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kikao hicho. Familia haikuwa na cha kulipa. Nilimtuma mwinjilisti akazike, nami nikabaki ofisini nikipanga hesabu za robo mwaka, mvua ikinyesha juu ya bati kiasi kwamba sikusikia hata kengele.

Wiki chache baadaye nilikwenda kumtazama mjane. Hakulalamika. Alinikaribisha, akanipikia, kisha akanizungusha nyuma ya nyumba katikati ya kahawa na migomba, akanionyesha mgomba wa mshare, aina ya ndizi za kupika, wenye mkungu uliokuwa unaanza kujaa, ambao alikuwa ameuzungushia ukamba wa jani kavu. Akasema, "Mchungaji, huu ndio nimeutenga kwa mavuno ya mwaka huu." Pembeni palikuwa na kisiki cha mgomba wa mwaka uliopita, na kingine cha mwaka juzi ambacho kilikuwa kimeoza na kulegea kama sifongo. Kila mwaka mkungu ulitoka pale ukaja kanisani. Mmoja niliukumbuka, kwa sababu mfanyabiashara mmoja aliununua kwa shilingi 80,000, akaurudisha, ukauzwa tena, watu wakampigia makofi na jina lake likaandikwa kwenye risiti. Fedha iliyopatikana kwa mkungu ule mmoja ilizidi deni lote la marehemu. Lakini katika vitabu vyetu aliyetoa alikuwa mnunuzi. Nyumba iliyopanda mgomba, ikaupalilia, ikaukata na kuubeba kichwani kilomita tatu, ilihesabiwa kuwa nyumba isiyotoa.

Nilirudi siku iliyofuata nikiwa na jani la isale mkononi, kama wazee wetu walivyofanya mtu alipokwenda kuomba msamaha. Alilipokea. Utaratibu ule wa mazishi tuliufuta katika kikao kilichofuata, ingawa si bila mabishano, na wako waliosema mchungaji amelegea.

Wewe ni mhasibu, kwa hiyo unaelewa kuliko mimi kwamba kisichokuwa na safu katika daftari kinahesabika kuwa hakipo. Jambo la kwanza nitakaloomba ufanye, kabla hata ya kuuliza bei ya ukumbi, ni kuweka safu ya mazao: jina la aliyeleta, alicholeta, na kiasi kilichopatikana kilipouzwa. Mnunuzi apewe risiti yake na mleta mazao apewe yake. Najua Dodoma si kama huku kwetu Machame na wengi wenu mnatoa kwa lipa namba, lakini katika usharika wowote hakosekani mama mwenye kuku watatu na mzee mwenye debe la zabibu au gunia la uwele.

Kuhusu mlo wenyewe, nitakuwa mkali kidogo. Sisi tuliwahi kuandaa mmoja, na tulipomaliza kulipa ukumbi, mapambo, muziki, mpiga picha na mshereheshaji, karibu nusu ya fedha ilikuwa imekwisha kuliwa, na wengi waliokata tiketi wanaamini mpaka leo kwamba shilingi yao yote ilikwenda kwenye jengo. Huo ulikuwa uongo, ingawa hakuna aliyeutamka. Watangazieni watu mapema kwamba katika milioni moja ya meza, kiasi fulani ni gharama ya chakula na ukumbi. Atakayekasirika na akasirike. Na kama wamo akina mama wa umoja wa wanawake wanaoweza kupika kwenye viwanja vya kanisa, pikeni hapo. Sufuria zao zinafahamika na hawatozi kodi ya viti.

Fungu la wajane na yatima litengeni kwanza. Msiseme "kitakachobaki baada ya paa," kwa kuwa sijawahi kuona paa lililobakiza kitu. Tena mkisha kulitenga, tafadhali msiwapange wajane mbele ya kanisa na kumpiga picha kila mmoja akipokea kilo tano za sembe na kipande cha sabuni. Msomeni Boazi. Hakumwita Ruthu, yule mjane maskini aliyekuja kuokota masazo shambani mwake, mbele ya wavunaji amshukuru. Alimwambia aketi ale pamoja nao, kisha kwa siri akawaagiza vijana wake waangushe masuke kidogo makusudi, ili ayaokote kama mtu anayefanya kazi yake. Akili ya namna hiyo haitapatikana kwa mpiga picha. Mama yako, ambaye alilelewa na mama mjane, anasema kilichowaumiza zaidi utotoni hakikuwa njaa bali kuitwa kwa majina.

Halafu kuna suala la mgeni rasmi. Hujalitaja, lakini litakuja, kwa maana harambee haikai bila mgeni rasmi, na mwaka ukiwa wa uchaguzi huja watatu. Mwezi Novemba 2024 Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi aliagiza zirudishwe fedha alizotoa Rais William Ruto katika kanisa la Soweto, zikiwemo shilingi 600,000 za Kenya na milioni mbili za nyumba ya mapadre. Majirani zetu walibishana sana juu ya uamuzi ule, na nilisikia hata wachungaji wakisema kwamba fedha haina chama. Mimi nilimwelewa askofu. Mkono unaotoa mbele ya kamera huwa unanunua kitu, na kinachouzwa siku hiyo ni kinywa cha mhubiri, ambacho mwaka unaofuata kitahitajika kusema neno gumu kikashindwa kufunguka.

Nami nisijifanye msafi, maana vinywa vya wachungaji hufungwa hata kwa kuku. Unajua utani wa watu wetu kwamba kuku akiona kola ya mchungaji hukimbilia migombani. Nilicheka nao miaka mingi, mpaka siku moja nilipokuwa nikila katika nyumba ya kijana aliyeachishwa kazi, nikasikia mlango wa jikoni ukilia, nikageuka na kuona macho ya watoto wanne katika ufa, yote yakiitazama firigisi iliyokuwa kwenye sahani yangu. Kuku yule alikuwa ndiye pekee uani. Nikikataa chakula ningemvunjia heshima mwenye nyumba, na nikila ningeila njaa ya watoto wake. Niliomba waitwe tuketi pamoja, na tangu siku hiyo nikiandaliwa mahali popote husema kwamba mimi nimezoea kula na watoto. Wengine wananiona mshamba. Si neno.

Juu ya mikono yako mwenyewe sina mengi, kwa kuwa tulikulea sisi. Ila usikubali fedha yoyote ipite katika simu yako binafsi, hata kwa saa moja, hata kama mtandao wa usharika umegoma. Hesabuni mkiwa wawili au watatu na mtie saini siku hiyohiyo. Paulo alipokuwa akipeleka changizo kwa maskini wa Yerusalemu alitaka wawepo ndugu waliochaguliwa na makanisa wa kusafiri pamoja na karama ile, mtu asije akawalaumu, ingawa angeweza kusema yeye ni mtume na inatosha.

Kikao chenu umesema ni Jumamosi ijayo. Mama yako amefungasha mkungu mdogo wa mshare na mfuko wa unga wa ulezi, vitakuja kwa basi la Alhamisi. Nimemwandikia kondakta namba yako kwenye katoni. Ukishatoka kwenye kikao niandikie walivyosema kuhusu ile safu ya mazao.

Ni mimi baba yako.